Kushonea watoto nguo na vitu vya maigizo: maswali mnayouliza kila siku

Karibuni sana. Haya ndo maswali ambayo mama, baba na mafundi wanaoanza wananiuliza zaidi, wengine wakija wenyewe na wengine kwa simu usiku, nimeyaweka pamoja ili mtu asome kabla hajakata kitambaa. Mimi nashona za watoto hapa Kampala, gauni, kaptula, kanzu ndogo, gomesi ndogo (lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda), mabawa, mikia ya simba, mataji, na kuna kitu kimoja nitakirudia mpaka mkizoee: mtoto atakimbia, atakaa chini kwenye vumbi, atataka choo saa hiyo hiyo, atavuta na atatafuna. Nguo isiyoweza kuvumilia hayo bado haijaisha kushonwa, hata kama kwenye picha imetoka vizuri.

Ndo naanza kabisa, nishone nini kwanza?

Sketi ya lastiki au kaptula ya lastiki. Hakuna zipu, hakuna kola, hakuna mkono wa kupachika, na mtoto wa bebi klasi (mwaka wa kwanza wa chekechea) anaweza kuivua mwenyewe akienda choo, hiyo ni kazi kubwa kuliko unavyodhani maana mwalimu mmoja hawezi kufungulia vifungo watoto wote. Ukishashona mbili tatu utakuwa umejua kunyoosha mshono, kupinda pindo na kupitisha lastiki, na ukijua hayo matatu umeshafika mbali.

Kama huna cherehani na concert ni wiki ijayo, kuna sketi ya neti ambayo haishonwi, inafungwa tu. Kata lastiki pana, urefu wake uwe kiuno cha mtoto kutoa kama sentimita 4 hivi, ushone mwisho kwa mwisho kwa mkono, uivalishe kwenye mgongo wa kiti. Alafu kata neti vipande virefu vya upana wa sentimita 15, urefu wa kila kimoja uwe mara mbili ya urefu wa sketi unayotaka na uongeze kidogo cha fundo. Kikunje katikati, pitisha kitanzi chini ya lastiki, ingiza mikia yote miwili kwenye kitanzi, vuta. Endelea hivo hivo mpaka lastiki isionekane. Neti haichanuki nyuzi kwa hiyo huhitaji kupinda pindo. Ila ndani mvalishe kaptula ya pamba au taiti, neti inawasha ngozi na mtoto akianza kujikuna hatacheza kitu.

Ninunue cherehani gani?

Kama ni ya kushona nyumbani na mtaani, ile nyeusi ya mguu, Singer ya zamani au Butterfly, bado ndo naipenda. Umeme ukienda unaendelea, spea zake ziko kila mahali, na fundi wa kuitengeneza humkosi hata mji mdogo. Ubaya wake inashona mbele na nyuma tu, haina zigizaga, kwa hiyo kingo za ndani utazimalizaje? Ama unapeleka kwa mtu mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo, unalipia kidogo, ama unashona mshono wa Kifaransa: unaanza kushona upande wa nje kwanza, unapunguza kingo, unageuza, unashona tena kwa ndani na kingo zinajificha. Kwa nguo za watoto mimi napenda huo mshono wa pili hata kuliko ovaloki kwa sababu hakuna nyuzi zinazokwaruza kwapani.

Vitambaa nipate wapi na kipi kinafaa mtoto?

Kampala watu wengi tunaenda Kiyembe, huko downtown, kitenge, satini, lesi, neti, bitana, vifungo, vyote viko karibu karibu. Owino, yaani St. Balikuddembe, ni ya mivumba, yaani mitumba, na usiidharau hata kidogo, shuka za pamba za mivumba zinatoa bitana nzuri kuliko bitana nyingi mpya za dukani, zimeshafuliwa mara nyingi zimekuwa laini na hazirudi tena, yaani hazipungui.

Kinachogusa ngozi kiwe pamba. Huo ndo msimamo wangu na sibadilishi. Satini ya poliesta inang'aa sawa lakini juani inamtoa mtoto jasho na jasho linakaa hapo hapo. Kama mama anataka satini kwa ajili ya harusi, nashona satini nje na pamba ndani, gharama inaongezeka kidogo tu.

Kitenge na pamba zote fua kabla ya kukata. Pamba hurudi, na ukishona kabla haijarudi gauni la mtoto litapanda juu ya magoti baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Loweka kwenye maji baridi, suuza mpaka maji yatoke safi, anika kivulini. Watu wanasema weka chumvi rangi ishike, kwa rangi za siku hizi chumvi haisaidii, kinachosaidia ni kusuuza mara nyingi. Kama rangi inaendelea kutoka hata baada ya kusuuza sana, usiiunganishe na kitambaa cheupe, tafuta mtindo mwingine.

Nachukuaje vipimo vya mtoto ambae hatulii?

Chukua nguo yake inayomtosha vizuri, iweke mezani, ipime hiyo. Kifua, urefu wa bega mpaka kiuno, urefu wa mkono, upana wa bega. Kisha kwa mtoto mwenyewe utafute vitu vitatu tu ambavyo nguo haiwezi kukwambia: mzunguko wa kichwa, mzunguko wa makalio, na urefu kutoka kiunoni mpaka unapotaka nguo iishie. Mpe kitu ashike mkononi, pima haraka.

Kichwa ndo mafundi wengi wanakisahau. Kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, mtoto wa mwaka mmoja kichwa kinazunguka kama sentimita 46 na wa miaka mitano karibu 51, kwa hiyo shingo ya gauni isipokuwa na nafasi ya kufunguka, ama iwe pana kupita hiyo namba ama uweke kifungo mgongoni au begani. Mtoto akinaswa na nguo usoni mara moja, hiyo nguo ataikataa mpaka mwisho.

Kwenye kifua ongeza sentimita 6 mpaka 8 juu ya kipimo cha mwili, mtoto apumue na anyanyue mikono.

Sketi ya duara inanishinda hesabu, nisaidie.

Hii naulizwa kila wiki, ngoja nikupeleke polepole kwa mtoto mmoja wa mfano, miaka mitano hivi.

Kwa kuwa kiuno ni cha lastiki bila zipu, usitumie kipimo cha kiuno, tumia makalio, maana sketi lazima ipite pale. Tuseme makalio ni 58, unaongeza mbili iteleze, inakuwa 60. Gawanya 60 kwa 6.28 (ni 3.14 mara mbili), unapata 9.5 na kidogo. Hiyo ndo nusu kipenyo ya duara la kiuno, pale mshono utakapokaa. Lakini unahitaji nafasi ya mshono ya sentimita 1, na kwenye duara la ndani nafasi hiyo inaingia ndani, kwa hiyo unakata kwenye 8.5. Hapa ndo watu wanakosea, wanakata kwenye 9.5 au wanaongeza badala ya kutoa, kiuno kinakuwa kikubwa kinaanza kupiga marinda yasiyotakiwa.

Urefu wa sketi tuseme 30. Unaongeza kwenye 9.5 inakuwa 39.5, pindo sentimita 2, inakuwa 41.5. Kwa hiyo duara zima linataka kitambaa cha sentimita 83 kwa 83, na kitenge cha kawaida kina upana kama 110, maana yake mita moja inatosha na inabaki ya kukata mkanda wa kiuno na kitambaa cha kichwa.

Kunja kitambaa mara mbili, kona ya mkunjo ndo katikati. Shika tepu kwenye hiyo kona, izungushe ukiweka alama za chaki kwenye 8.5, alafu kwenye 41.5. Kata. Kabla ya kupinda pindo ining'inize usiku mmoja, sehemu zilizokatwa mshazari zinashuka zenyewe, asubuhi unasawazisha ndo unapinda. Pindo la duara likunje jembamba, ukikunja pana linajikunyata.

Mtoto anakua haraka, nifanyeje nguo idumu?

Weka pindo refu, sentimita 6 au hata 8, na juu ya pindo piga kunjo moja au mbili za mapambo ambazo mwakani unazifumua. Kwenye mabega ya ovaroli na pinafo weka vifungo viwili vilivyofuatana, leo anafungia cha juu, baadae cha chini. Kiunoni lastiki yenye matundu na kifungo kwa ndani. Upande wa kwapa acha nafasi ya mshono ya sentimita 2 badala ya moja. Ni vitu vidogo lakini mama ambae anasomesha watoto watatu atakukumbuka kwa hivyo vitu kuliko kwa lesi.

Nina mashati ya mivumba ya wanaume, naweza kutengeneza nini?

Gauni la mtoto wa miaka mitatu mpaka sita. Na ni rahisi kuliko kuanza na kitambaa kipya kwa sababu vifungo na pindo la chini vimeshashonwa na kiwanda.

Funga vifungo vyote, laza shati mezani, lisawazishe. Kata kola na mikono. Chora mwili wa gauni la mtoto juu yake kwa kutumia nguo yake nyingine, pindo la shati likae chini kama pindo la gauni, sehemu ya vifungo ikae katikati kabisa mbele au ukipenda igeuze iwe mgongoni. Ukishona ubavu na bega, shingo na kwapa zimalizie kwa utepe uliokatwa mshazari kutoka kwenye mkono wa shati. Mkono unabakia mwingine, huo unatoa mikono mifupi au mifuko. Kile kimfuko cha kifuani usikitupe, kihamishie chini ubavuni, watoto wanapenda mfuko kupita kiasi.

Angalia tu vifungo, vile vya mivumba uzi wake umechoka. Vishone upya vyote.

Vifungo, shanga na vito, mtoto wa umri gani anaweza kuvaa?

Chini ya miaka mitatu mimi siweki. Mtoto wa umri huo kila kitu kinaenda mdomoni na kitu kidogo kinaziba koo mara moja. Kipimo rahisi ni hiki: kile kibomba cha karatasi ya chooni, kitu kikiweza kupita ndani yake basi ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Viwanda vinatumia kipimo chembamba zaidi, bomba la upana wa milimita 31.7, kwa hiyo ukitumia la karatasi ya chooni uko upande salama.

Badala ya shanga darizi kwa uzi. Macho ya sungura yadarizi, pua idarizi, maua yakate kwenye kitambaa uyashone chini. Vifungo vya lazima vishone kwa uzi maradufu, pitisha mara sita au zaidi, zungusha shina, alafu kivute kwa nguvu zako zote. Kikitoka bora kitoke mkononi mwako. Na gundi ya moto, ile ya vijiti, isitegemewe peke yake kwa kitu cha mtoto mdogo, ikipata joto la pasi au jua la kwenye gari inalegea.

Kofia ya hudi na joho (la shujaa, la malkia) nafungaje shingoni?

Usifunge kwa kamba. Tafadhali. Kamba ya shingoni ikinaswa kwenye bembea, kwenye mlango, kwenye tawi la mwembe, mtoto ananing'inia. Huko Ulaya kiwango chao cha EN 14682 kinakataza kamba kabisa kwenye hudi na shingo za nguo za watoto chini ya miaka saba, na mimi naona tufanye hivo hivo hata kama hakuna anaetukagua.

Weka velkro ndogo, au vifungo vya kubana, kitu ambacho ukivuta kwa nguvu kinaachia. Njia nzuri zaidi kwangu ni kushikiza joho kwenye mabega mawili ya fulana kwa velkro, hapo shingo haiguswi kabisa na joho halimkabi akikimbia. Urefu wake uishie juu ya magoti, likifika kwenye visigino atalikanyaga akipanda jukwaani.

Mtoto naweza kumvalisha mabawa nyumbani kisha aende na boda?

Hapana. Neti, joho, ribini ndefu, mkia, hivi vyote vinaingia kwenye spoksi na mnyororo, na kitambaa kikishikwa kinavuta mtu mzima seuze mtoto. Weka kila kitu kwenye mfuko, avae nguo ya kawaida, akifika shule ndo avalishwe. Mimi nashona na mfuko wa kamba wa kubebea kabisa kwa vipande vilivyobaki, sitozi.

Mabawa yenyewe, kama unatumia waya, kunja ncha mpaka iwe kitanzi, zungushia utepe na kitambaa juu. Waya za hanga zinafaa kwa ugumu ila ncha zake ni kali sana. Kwa watoto wa bebi klasi achana na waya, tumia kadibodi laini au sponji nyembamba iliyofunikwa kitambaa. Mikanda ya begani iwe lastiki pana, isiwe ribini, ribini inakata kwapani.

Na moto je? Nasikia neti inashika haraka.

Ni kweli. Neti na vitambaa vya nailoni na poliesta vyepesi vikishika vinayeyuka vinagandia kwenye ngozi, na neti kwa vile ina matundu hewa inapita kila upande. Pamba nyembamba iliyopana nayo inashika, usidhani pamba iko salama kabisa. Hapa kwetu sigiri, jiko la mkaa, iko chini, usawa wa pindo la mtoto, na kwenye sherehe kuna mishumaa ya keki. Kwa hiyo sketi iliyopanuka sana na mikono mipana ya kuning'inia msiache ikaribie jikoni wala mshumaa. Baada ya concert vua, vaa kaptula, ndo mwende kula.

Shule inataka mtoto awe korongo wa bendera, naanzia wapi?

Hii inakuja sana karibu na sikukuu ya uhuru, tarehe 9 Oktoba, na mwisho wa taamu (muhula) ya tatu, na naipenda kuliko zote, ni ndege wetu, ndo huyo kwenye duara jeupe la bendera na ndo jina la timu ya taifa ya mpira.

Mwangalie korongo vizuri kabla ya kununua kitambaa. Watu wananunua nyeusi, njano na nyekundu za bendera wanashona bendera yenye miguu. Korongo mwenyewe mwili na shingo ni kijivu. Mabawa mengi ni meupe, yana kahawia na manyoya ya rangi ya dhahabu. Kichwani mbele ni mweusi, shavu jeupe lenye nyekundu kwa juu, na chini ya koo ananing'iniza kitu chekundu. Taji ni la dhahabu, limesimama kama miale.

Kwa hiyo: fulana ya kijivu ya mivumba na taiti nyeusi, hapo mwili umeisha. Mabawa usiweke mgongoni, yashone kwenye mkono, chukua kitambaa cheupe ukikate nusu duara, upande ulionyooka ushone kwenye mshono wa mkono wa fulana kuanzia kwapani mpaka kwenye kiwiko, mtoto akinyanyua mikono yanafunguka yenyewe na akishusha yanalala. Juu ya nyeupe panga vipande vya kahawia na vya njano iliyoiva kama vigae, ukianzia safu ya chini ukipanda juu, shona kwa juu tu ili ncha zipepee.

Taji lisiwe la njiti za ufagio. Nimeona watu wanatumia na zinasimama vizuri sana lakini watoto wakicheza ngoma wanainama, zinakwenda kwenye macho ya mwenzake. Kata kitambaa cha njano tabaka mbili, katikati bandika kwa pasi kile kitambaa kigumu cha kola, ukate vipande vyembamba vya sentimita 12 vyenye ncha ya mviringo, vishikize kwenye bendi ya kichwa. Vinasimama na havichomi. Kile chekundu cha kooni kishone kwenye shingo ya fulana, kiwe sehemu ya nguo, kisining'inie kwa kamba.

Barakoa ya mnyama au rangi usoni?

Barakoa inayofunika uso inamnyima mtoto kuona pembeni na chini, jukwaani wanaanguka. Mimi nashona uso wa mnyama kwenye kofia au bendi, unakaa juu ya paji, uso wa mtoto unabaki wazi na mama yake anamuona kwenye video. Rangi, tumia zile za uso tu, zinazotoka kwa maji. Rangi ya mbao, ya kucha na kalamu za maka zisiguse ngozi yake. Jaribu kidogo mkononi siku moja kabla.

Gomesi na kanzu za watoto kwa ajili ya kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba)?

Gomesi ya mtu mzima inakula kitambaa kingi, mpaka mita sita, ina shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka na mshipi mpana unaokaa kwenye nyonga. Inasemekana ilianza Gayaza mwaka 1905, kwa fundi Mgoa (mtu wa Goa, India) aliyeitwa Gomes, jina likabaki hapo. Wakubwa wanaivaa wakiwa wametulia, mtoto hawezi kutulia, kwa hiyo naibadilisha kwa ndani bila kubadilisha sura. Mkunjo wa mbele naushona ukae, usifunguke. Mshipi naushona mgongoni kabisa na mbele nafunga fundo la uongo juu ya velkro, usishuke akikimbia. Kikooyi, kile kitambaa kinachofungwa chini ya gomesi, nakiacha, badala yake naweka bitana ya pamba. Urefu uishie kwenye kifundo cha mguu, usiguse chini. Mabega nayajaza kwa kitambaa kigumu chepesi, usiweke kadibodi, itamchoma shingoni.

Kanzu ya mtoto ni rahisi, poplini nyeupe au ya maziwa, na ile darizi ya rangi ya zabibu shingoni na kifuani. Ubavuni acha mpasuo kila upande mpaka chini ya magoti apige hatua. Koti lake la juu tafuta mivumba, yako mazuri sana, kushona koti dogo jipya ni kazi nyingi kwa siku moja ya kuvaa.

Naweza kutumia lubugo, kitambaa cha gome la mti?

Unaweza, kwa kofia, mkanda, mkoba, ngao ya askari, mabawa ya popo, inapendeza na ni mali yetu. Inatoka kwenye gome la mti wa mutuba, inapigwa kwa nyundo za mbao mpaka inapanuka, na UNESCO waliitambua ufundi wake mwaka 2005. Lakini haifuliwi kama pamba na ikilowa inachoka, kwa hiyo isiwe nguo ya kushinda nayo. Sindano kubwa, mshono mrefu, maana ukitoboa karibu karibu inakatika kama tiketi. Bandika pamba nyuma ikupe nguvu.

Na ongea na wazazi kwanza. Buganda lubugo ilivaliwa kwenye heshima kubwa na pia ndo inayozikia watu. Kuna bibi ambae akimuona mjukuu amezungushiwa lubugo mwili mzima ataumia moyo. Mkanda au kofia kwa kawaida hakuna anaekataa, ila uliza.

Shanga za karatasi je?

Kwa watoto wa miaka mitano kwenda juu ni kazi nzuri ya kufanya nao wenyewe. Kata karatasi ya rangi pembetatu ndefu nyembamba, anza kuviringisha na upande mpana kwenye kijiti, ncha ifungwe kwa gundi, ukimaliza paka vanishi na ikauke kabisa kabisa. Mkufu wa mtoto utumie lastiki nyembamba inayokatika ikivutwa, asilale nao.

Kwa kichanga kuna cha kuzingatia?

Geuza soksi, glavu na viatu vya kufuma ndani nje, kata kila uzi unaoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unazuia damu na mtoto hawezi kusema, analia tu. Akilia bila sababu, vua soksi uangalie vidole. Bendi za kichwa zenye ua ni za picha, akishapigwa picha itoe, asilale nayo.

Cherehani inaruka mishono / uzi unajazana chini.

Kuruka, badilisha sindano, nyingi zinatumika mpaka zimekuwa butu. Satini na vitambaa laini namba 11, kitenge namba 14, na vya kuvutika kama fulana vinataka sindano yenye ncha ya mviringo. Uzi ukijazana chini watu wanahangaika na bobini, mara nyingi tatizo liko juu: toa uzi wa juu wote, nyanyua mguu wa cherehani, upitishe upya kuanzia mwanzo.

Sindano ikikatika, usiendelee kushona mpaka umepata vipande vyote. Pini zako zihesabu kabla na baada. Hiyo kwa nguo ya mtoto haina mjadala.

Nitoze kiasi gani?

Usiseme "ni ya mtoto kwa hiyo nusu bei". Kitambaa ni kidogo lakini kola ndogo ni ngumu kuliko kubwa, mkono mdogo ndo mgumu kuingiza. Andika kitambaa, uzi, lastiki, vifungo, nauli ya Kiyembe, ovaloki, alafu weka masaa yako. Pokea advansi inayolipia vifaa vyote kabla ya kukata, hata kwa mobail mani, maana joho la simba la mtoto wa mtu fulani huwezi kumuuzia mwingine. Na Novemba na Januari usikubali kila oda, concert na yunifomu zinakuja kwa mkupuo, bora ukatae mapema kuliko mtoto asimame pembeni wenzake wamevaa.

Nafuaje na kutunza vitu vya maigizo?

Fua kwa mkono, maji baridi, omo kidogo, usikamue neti wala mabawa, yaning'inize yachuruzike. Pasi ya mkaa weka kitambaa chenye unyevu katikati, majivu yasidondoke kwenye satini, na satini na neti hazitaki moto mkali. Mataji yajaze karatasi ndani yasibonyee. Yakikauka kabisa weka kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko wa plastiki unaleta ukungu msimu wa mvua. Na andika saizi kwenye karatasi uibane ndani, mwakani mdogo wake ataihitaji na hutakumbuka ilikuwa ya nani.